Machicha niliyompa punda

Hilda, leo nimeaibika mpaka nataka kuhamia Mbaha.

Punda wangu wa kubebea kahawa alikuwa amekonda, nikamwonea huruma. Jana jirani yangu Beata alichuja pombe, akanipa ndoo nzima ya machicha. Nguruwe wangu wananenepa kwa machicha, nikasema na punda naye ale.

Asubuhi namkuta chali. Chali kabisa, miguu juu. Nikalia.

Na leo jumuiya ilikuwa inasali kwangu. Wakaacha yote wakamwombea punda. Lukresia akavua kitenge chake akamfunika. Huo wema sitausahau.

Akaja Tumpe, yule binti mtaalamu wa mifugo aliyehamishiwa hapa kutoka Tukuyu. Akamnusa mdomo.

"Bibi, umempa nini?"

Nikamwambia kwa sauti ndogo.

"Basi huyu amelewa."

Amelewa, Hilda. Mbele ya jumuiya nzima. Katekista Egidi akauliza, "Sasa tuendelee na litania, au tungoje azinduke?"

Tumpe hakunicheka. Akanieleza taratibu: punda ni nyasi kavu, maji safi na chumvi kidogo, basi. Machicha yanaweza kumfunga tumbo akafa. Nimtembeze mpaka anye, akinya amepona.

Alipozinduka tukapita kijiji kizima, punda anayumba, mimi nimemshikilia. Kwa Mzee Joakim ndipo akanya. Nikapiga vigelegele palepale barabarani.

Mzee Joakim akatoka mlangoni, akatutazama wote wawili.

"Vumilia, mama. Hata mke wangu ananirudishaga hivyohivyo."