Pikipiki ya Theluji na Sanduku la Baba

Mama yangu, shikamoo. Nanyi nyote mliokusanyika kwake baada ya misa, Baba Mdogo, mke wangu Mama Regina, na majirani wa Singe, nawasalimu kila mmoja kwa heshima ya umri wake. Goti lako la kushoto linaendeleaje, Mama? Mbaazi zimetoa maua? Mimi ni mzima wa mwili. Habari za moyo zinafuata.

Naanza na ombi kwa msomaji. Faustini, mdogo wangu, najua karatasi hii iko mikononi mwako, maana Mama hukupa wewe kila barua inayofika nyumbani. Isome kama ilivyo. Usiruke mstari, hata ule utakaokuchoma.

Mmeniandikia kwamba mashine ya kusaga aliyotuachia marehemu Baba ilikufa, kwamba spea hazipatikani Babati wala Arusha, na kwamba Faustini ameifufua: gasketi kaikata kwenye debe la mafuta ya kula, mkanda kaushona kwa tairi la lori. Mmeniandikia pia, na hapa nimerudia kusoma mara nyingi kuliko inavyostahili, kwamba Mama Elizabeti alisema mbele ya foleni nzima, "Unga wa Faustini ni laini. Ule wa kaka yake ulikuwa na chenga." Kisha mnaniuliza kama naridhia sanduku la spana la Baba apewe yeye.

Mama, maneno hayo ni yako, lakini mwandiko ni wa Faustini, na siku hiyo mwandiko wake ulikuwa mzuri mno.

Ndugu zangu, nina wivu. Silitafutii jambo hili jina la heshima. Mimi ndiye mzaliwa wa kwanza, mimi ndiye niliyemfundisha Faustini kushika bisibisi, na sasa kijiji kinamwita fundi wakati mimi niko huku kaskazini mwa Norway, ninatengeneza pikipiki zisizo na magurudumu.

Niwaeleze. Wafugaji wa huku hawachungi ng'ombe. Huchunga wanyama wafananao na swala wakubwa wenye mapembe ya matawi, na huwafuata juu ya theluji kwa pikipiki hizo. Mbele zina mbao mbili zilizopinda ncha, nyuma zina mkanda mpana wa raba unaochimba theluji kama mnyororo wa trekta. Kazi yangu ni kuzifanya ziwe na nguvu na mwendo: nasafisha kabureta, nabadilisha plagi, nakaza mkanda, nanyoosha zile mbao zielekee pamoja, natia grisi. Spea zote zimepangwa kwenye droo kama vyombo vya altare. Faustini hukuna kichwa mpaka apate jibu. Mimi husoma namba, nikavuta droo.

Barua yenu ilinifikia asubuhi. Siku hiyohiyo mfugaji mmoja, Nils, alileta pikipiki yake akalalamika kwamba haipandi mlima vizuri. Nami, kifua kikiwa kimejaa Mama Elizabeti na unga wake, nikataka kuonyesha ufundi usioandikwa kwenye kitabu. Baada ya kuisafisha nikatoa jeti ya kabureta, ile yenye kitundu cha kupitishia petroli, nikatia iliyo ndogo zaidi, ili injini inywe petroli kidogo. Ninyi mnajua: kwetu, kwa shida hii ya mafuta, fundi anayeweza jambo hilo hutafutwa mpaka Bonga.

Nils alirudi jioni kwa miguu. Akaniuliza mbele ya wenzangu, "Umeifanya nini mashine yangu?"

"Nimekupunguzia petroli."

"Nani alikuambia sina petroli?"

Karakana nzima ilicheka. Tulipoivuta na kuifungua, pistoni ilikuwa imeungua. Msimamizi wetu, mzee mpole, akanishika bega: "Paskali, hata mbwa, baridi ikizidi, tunamwongezea chakula." Kumbe hewa ya baridi ni nzito na hudai petroli zaidi, tena oili ya injini hizi imechanganywa ndani ya petroli, hivyo kwa kuinyima kinywaji nilikuwa nimeinyima na kilainisho.

Nikatia pistoni mpya na jeti kubwa, nikazipima upya puli zinazobana mkanda. Nils akaijaribu mlimani, akarudi, akasema, "Sasa inapanda," akaondoka. Hapakuwa na foleni ya akina mama ya kusikia.

Basi nijibu. Mara ya kwanza niliandika hapana, nikaichana karatasi. Mara ya pili niliandika kwamba tungoje nirudi, nikaona aibu, maana njaa ya Singe hainingoji mimi. Faustini anasaga, mwenye kusaga ndiye anayehitaji spana. Mpeni sanduku. Sisemi hivyo kwa furaha, wala asiwepo wa kuniambia kwamba nina moyo mkubwa.

Nina sharti moja. Spana namba kumi na saba, ile ya kufungulia kichwa cha injini, itolewe sandukuni na ikae kwa mke wangu. Kila Faustini atakapoihitaji, atabisha hodi kwa Mama Regina na kusema, "Shemeji, naomba spana ya kaka." Akimaliza, airudishe ikiwa imefutwa. Faustini, maneno hayo yasome mara mbili, Baba Mdogo ayasikie vizuri.

Nisalimieni shangazi yangu wa Bonga, katekista aliyenibatizia watoto, na mwenye duka jirani yetu, ambaye nasikia rafu zake zimebaki na chumvi tu. Mama Regina, wewe nimekuandikia karatasi yako peke yako; usimpe msomaji.

Mwambieni Mama Elizabeti nimemsikia.

Ni mimi, mwanao wa kwanza, Mama, na fundi bado,
Paskali