Maharagwe ya Kilio cha Kwanza

Bungulu, Beni
Jumapili, baada ya misa

Kwako Yaya Godelive, dada yangu mkubwa,

Salamu zangu zikufikie hapo Musienene, wewe na shemeji na watoto wote. Natumaini mgongo wako umepata nafuu na kwamba viazi havikuoza udongoni kwa mvua hizi. Mimi ni mzima wa mwili, nakula, nalala. Barua hii anakuletea Mariette, anayekuja huko kesho kununua maharagwe. Utauliza kwa nini sikupiga simu. Nimepiga mara tatu, Yaya, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza habari za kuku.

Kazi inaendelea. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza ni sitini na kitu, madawati ni arobaini. Nawafundisha sosiolojia, ile kazi ambayo Baba aliiita kusomea majirani. Somo la mwanzo ni mitazamo mitatu mikubwa. Majina yake ya Kifaransa ni marefu na yanawatisha, kwa hiyo kila mwaka nawapa mfano wanaoujua wote: kilio. Nawaambia kwamba mwenye mtazamo wa kwanza akifika kilioni huuliza kilio kile kinafanya kazi gani, naye huona majirani wakileta kuni na chakula, na ukoo ukijishona pale ulipochanika. Wa pili huuliza nani ananufaika na nani anaumia. Huyo huona wazee vitini wakigawana shamba, na wanawake jikoni wakitokwa na machozi ya moshi. Wa tatu hana haja na makubwa hayo. Hukaa karibu na moto akatazama nani anashikwa mkono na nani anapitwa, na neno pole lina maana gani kwa anayelitoa na anayelipokea.

Jumanne ile uliponipigia kuniambia Baba ametutoka, nilikuwa mlangoni mwa darasa, naingia kufundisha somo hilo hilo. Nilizima simu, nikafundisha. Nilifundisha vizuri, na hilo linaniogopesha mpaka leo. Mwishoni binti mmoja aitwaye Providence, ambaye ulimi wake haujui likizo, alinyoosha mkono: "Mais Prof, na mutu mwenye hakukuya ku kilio, yeye tutamutia mu théorie gani?" Wenzake walicheka. Nilimjibu kwamba mtazamo wa asiyekuja kilioni tutauona juma lijalo. Tangu hapo yamepita majuma matano.

Wewe nilikwambia njia ya kuja huko kupitia Butembo imefungwa, hali si salama. Ukaniambia nibaki, msiba mmoja unatutosha. Yaya, siku ile magari yalipita. Niliyaona kwa macho yangu.

Unakumbuka miaka miwili iliyopita, Baba aliposema mbele ya ukoo kwamba amesomesha mtu asiye na shamba wala mke? Nilirudi Beni na hasira, nikajifungia ndani siku nne bila kwenda kazini. Delphin, mwenzangu wa chuoni, alipokuja kuuliza kulikoni, nilimwambia nimefiwa na baba. Nilitaka tu aondoke mlangoni. Mdomo uliponza kichwa, na wangu uliponza mwili mzima. Kabla jua halijazama jirani yangu Mama Berthe alikuwa amefika na mzigo wa kuni. Wenzangu wakaleta viti, wakaleta maharagwe, wakakaa nami siku tatu. Nami nililia, Yaya, nililia kweli. Nilikula maharagwe ya kilio cha Baba, naye yuko huko Musienene anapalilia viazi.

Basi alipokufa kweli, ningemwambia nani? Ukiomba ruhusa kazini lazima utaje sababu, na mtu hafiwi na baba yule yule mara mbili. Kuja kwa kificho niliogopa, maana kilio cha Musienene hakikosi mtu wa Beni. Asubuhi mliyomzika Baba, Mama Berthe aliniona uani, akaniambia nimekonda, akauliza kama ni malaria. Nikasema ndiyo. Akanipa limau. Sijawahi kuwa peke yangu kama siku ile, na limau mkononi.

Nasikia mtamaliza kilio Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao. Nataka kuja. Kesho nitamweleza Delphin yote, kisha Mama Berthe, na huyo ndiye ninayemwogopa zaidi. Wewe uwaeleze Kaka Lusenge na ukoo. Wakinikataza kukaa kando ya moto na wengine, nitapasua kuni nyuma ya nyumba. Mpe Mariette jibu, nije au nisije.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, na ukipita kaburini usimwambie Baba kitu, nitamwambia mwenyewe.

Lakini usiniandikie pole, Yaya. Pole za Baba nilizipokea zote angali hai.

Ni mimi mdogo wako,
Gérard