Kiti cha Mama Kwenye Gari-nyumba

Chini ya mlima wa Galena Fork, Colorado
Ijumaa jioni

Kaka yangu mpendwa Lowell,

Nakusalimu wewe, wifi yangu Gwen na mapacha wenu. Natumaini mgongo wako umetulia na joto la huko Kansas halijawakausha. Sisi huku tu wazima, ukiacha nyonga yangu ya kushoto ambayo imevilia damu hadi imekuwa nyeusi. Habari yake utaipata humu humu. Naomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujampigia Baba, maana nakujua ulivyo mwepesi wa kushika simu.

Kama ulivyosikia, tulipanda Galena Fork na gari-nyumba la Baba kama kila kiangazi, isipokuwa mara hii Mama hakuwemo. Nilimwomba Baba tuahirishe, akakataa katakata. Alisema Mama alishatuwekea nafasi yetu ya kando ya mto kabla hajafa, na kwamba yeye si mtu wa kumwangusha. Basi nikapakia vyakula, Curt akafunga baiskeli nyuma, tukaondoka.

Kiti cha mbele sikuthubutu kukikalia. Nilimwachia Curt, na shemeji yako unamjua, usingizi ulimchukua hata mlima hatujauona. Baba alimwamsha zaidi ya mara moja akimwambia aongee, aongee chochote, Mama hakuwahi kumwachia kimya cha namna ile. Tulicheka kidogo, kicheko cha watu waliofiwa. Unakumbuka miaka hii ya mwisho tulivyomtania Mama kuwa ni redio isiyozimika, akimwita Baba kwa jina njia nzima? Lori jekundu hilo linakuja, Merle. Daraja jembamba hilo. Uone mwamba mweupe kulia unavyong'aa. Kona hii ndiyo niliyomwagia kahawa. Wewe ulikuwa unajifunika mto masikioni, na sote tukisema uzee umemlegeza ulimi, tukamhurumia Baba. Basi safari hii Baba alipanda mlima mwendo wa konokono, tena katikati ya barabara, magari nyuma yakipiga honi. Mimi nikasema moyoni, ni majonzi.

Mji ni uleule. Maua yananing'inia madirishani, duka la mikate linafungwa mikate ikiisha, watalii wanaipiga picha hoteli ya zamani ya wachimba migodi. Sikuona raha ya kitu. Mvua ilikuwa ikishuka kila alasiri, na baridi yake inaingia mifupani. Baba hakutaka kutoka. Alikaa ndani akiipapasa kwa vidole ile ramani ya majimbo mlangoni, ambayo Mama alikuwa akiibandika kipande kwa kila jimbo walilolala. Bibi Opal, yule mwangalizi wa kambi, alituletea pai na kusimama mlangoni akitabasamu. Baba akamtazama kama mgeni kabisa, mpaka yule mama alipofungua kinywa, ndipo akamrukia kwa kumbatio. Hilo nalo nililiweka kwenye majonzi. Kila kitu nilikiweka huko.

Leo asubuhi tulikuwa tunaondoka. Unajua ilivyo, huwezi kutoka kambini bila kumwaga tangi la maji machafu, na kwenye shimo lake pale langoni lazima gari liingie kwa kurudi nyuma. Baba akaniuliza iko wapi redio ya upepo ya Mama, ile ndogo ya mkononi aliyokuwa akimwongozea. Nikamjibu, tena kwa dharau kidogo, kwamba sihitaji kichezeo kile, mikono inanitosha. Wenye magari-nyumba wote pale wanaongozana kwa mikono, na sheria yao haijabadilika: usipomwona anayekuongoza kwenye kioo, unasimama. Baba alizunguka mpaka mlango wa dereva. Akapanda, akawasha gari.

Nilisimama penye bomba la maji, pale pale aliposimama Mama kila mwaka. Nikamvuta taratibu, nikamwelekeza kushoto, kisha nikainua mikono yote miwili asimame. Akaja. Nikadhani ananifanyia utani. Akaja tu, Lowell. Bampa ikanibana nyonga kwenye nguzo ya bomba, nikawa napiga bodi ya gari kwa ngumi na kupiga kelele, na injini imenimeza sauti. Curt ndiye aliyetupa mpira wa maji na kukimbilia dirishani kwa Baba. Sijui kama angechelewa kidogo leo ungekuwa unasoma barua ya nani.

Baba alishuka akipapasa ubavu wa gari kwa kiganja mpaka akanifikia. Uso umempauka. Curt akamfokea, "Mzee, alikuwa mbele ya macho yako, kwenye kioo, kainyosha mikono yote miwili kama mnara!"

Baba akakaa kwenye ngazi ya gari. Akaniambia, "Katikati pana ukungu, mwanangu. Naona kandokando tu. Mwaka wa nne huu. Mama yako ndiye aliyekuwa anaona. Mimi nilikuwa nashika usukani."

Ndiyo hivyo, kaka. Yale maneno tuliyoyacheka yalikuwa macho ya Baba. Mama aliogopa kuendesha kwenye majabali yale, na Baba alimwambia siku akinyang'anywa usukani atakuwa mzee wa kuwekwa kwenye kiti asubuhi na kutolewa jioni. Wakaamua wao wawili wasituambie. Nimemlilia Mama leo, na nimemkasirikia pia. Kiangazi kilichopita mapacha wako walikuwa nyuma humo wakicheza karata.

Baba amenisihi nisikwambie. Anasema atakwambia mwenyewe, lakini baada ya Agosti, baada ya kuwapeleka mapacha kule maziwani kama alivyowaahidi. Eti barabara ya kule ni tambarare. Nilimpenda na nikamwogopa kwa wakati mmoja. Funguo ninazo mimi, na hazitarudi kwake. Watoto wasije.

Kuteremka nimeendesha mimi. Unaijua ile barabara, upande mmoja mwamba na upande wa pili hakuna hata ukingo wa kukuzuia. Curt alikaa kule nyuma. Baba alikaa kwenye kiti cha Mama, mikono mapajani, uso ameuelekeza mbele kwenye ule ukungu wake. Mara akaanza kuongea. Kona ya kulia, ndefu, usiikate. Daraja jembamba hilo. Mwamba mweupe unang'aa, uache ukupite kwanza. Kila alichokitaja nilikikuta. Hakuwa anakiona, Lowell. Alikuwa anayakumbuka maneno ya Mama, moja baada ya jingine, kwa mpangilio wake, hata kona aliyomwagia kahawa.

Tulipofika chini kabisa, barabara ilipolala, akavuta pumzi akasema polepole, "Umefika, Merle. Sasa pumua."

Nikasimamisha gari pembeni. Nikazima injini.

Kesho gari-nyumba litabaki hapa kwenye ua wa rafiki yake Curt, nasi tutamrudisha Baba nyumbani kwa gari la kukodi. Ukimpigia, usianze na macho. Muulize barabara ilikuwaje, umwache aseme.

Curt anakusalimu. Mpe Gwen pole ya safari ya maziwani ambayo haitakuwepo, na mapacha uwabusu kwa niaba yangu. Waambie babu yao atakuja Agosti kwa gari langu, kiti cha mbele. Ataongea njia nzima. Wasimcheke.

Ni mimi mdogo wako,
Janine