Kwa Fundi Mosi, kutoka sakafuni kwa Bi Hamida

Tumekwisha ng'oa safu nne, kaka Mosi, na moja tumeirudisha. Imebaki ya tano, ile ya pembe ya jikoni. Naandika haya nikiwa nimeketi juu ya debe lililopinduliwa, katikati ya mgahawa wa Bi Hamida hapa Lushoto, huku Samsoni anakwangua chokaa ya zamani kwa patasi. Wateja wanakunywa chai yao barazani na wanatuchungulia dirishani.

Leo umetimia mwaka tangu ulipotutoka. Sisi wa nyumbani kwako tumeona tukukumbukie hapa, maana hii ndiyo sakafu ya mwisho uliyoisimamia.

Wasiokufahamu na wajue kwamba ulikuwa fundi wa kutandaza vigae, ukijitegemea, bila tajiri wala msimamizi. Mali yako ya kazi ilikuwa mwiko, kamba, nyundo na pima maji. Hapakuwa na mtu wa kukukagua, kwa hiyo ulijikagua mwenyewe. Kila masika yalipokwisha ulirudi bila kuitwa katika nyumba zote ulizofanyia kazi mwaka ule, toka Lukozi hadi Mombo. Ulivua viatu mlangoni, ukaamkia wenyeji, ukaanza kugonga kigae kimoja kimoja kwa mpini wa mwiko. Kilicholia kizito ulikipita. Kilicholia tupu ulikitia alama ya mkaa, na hukuondoka mpaka umekitengeneza.

"Kazi haijaisha," ulikuwa ukisema, "mpaka masika yapite juu yake."

Ulikuwa mpole. Ukirudi nyumbani ulinawa magoti kwanza, ndipo mikono, na mkeo Kuluthumu alikuwa akikutania kwamba umeoa sakafu. Ulimpasulia kuni kabla ya swala ya alfajiri hata siku zile kifua kilipoanza kukubana. Mafundi wengine walipoharibu kazi, uliitengeneza bila kuwataja. Ulitufundisha kwamba fundi hatajwi kwa ubaya kabla hujauona mgongo wa kigae. Chokaa ikitoka nzima pamoja na kigae, basi ardhi ya chini ndiyo iliyoshuka. Ikikatika katikati kama mkate mkavu, mchanga ulizidi. Lakini mgongo ukiwa mtupu, chokaa haikushika popote, ujue kigae kile hakikulazwa majini usiku mzima kabla ya kutandazwa. Kikavu kimeinyonya chokaa maji yake, ikabaki vumbi.

Mwaka huu masika yalipokwisha, Kuluthumu aliniambia, "Shemeji, kwa Bi Hamida hajarudi mtu."

Nikamjibu kwamba mwenye desturi hayupo.

"Mwiko upo," akasema, akanitolea.

Basi Jumatatu iliyopita nikaja na Samsoni, ambaye wewe ndiye uliyemwingiza katika kazi hii na leo anajitegemea. Sakafu yote ililia vizuri. Ila safu tano za jikoni zililia kama ngoma.

Wateja hawakungoja kuona mgongo wa kigae. Omari, dereva wa lori, alikuwa wa kwanza. "Hapo ni kwa Samsoni! Mimi nilimwona siku ile, yeye na mluzi, mluzi na yeye."

"Fundi wa mluzi, kazi ya upepo," mwingine akadakia.

Wiki hiyohiyo wakubwa wa soko walikuwa wanatafuta fundi wa sakafu mpya ya banda la nyama. Jina la Samsoni lilikuwa limetajwa, na walikuwa wamekwisha kumwuliza Bi Hamida habari za kazi yake.

"Mimi nitasema nilichokisikia," Bi Hamida akasema, mikono kiunoni. "Vigae vyangu vinalia tupu."

Nikapiga magoti, nikang'oa cha kwanza. Mgongo mtupu. Cha pili, mtupu. Hapo sikuwa na haja ya kung'oa cha tatu, kaka, kwa sababu nilijua ni mkono wa nani.

Siku ile ulikuwa umeketi mlangoni na blanketi mabegani. Samsoni alikuwa anamalizia baraza. Vigae vilivyolazwa majini vilikuwa vimekwisha, na wewe ulikuwa umekataa kwenda kulala kabla safu za mwisho hazijatimia. Nikachukua vikavu. Ukaniuliza, "Vimelala majini, Darweshi?" Nikasema, "Vimelala, kaka." Ukaja ukavigonga, vikalia vizuri, kwa kuwa kigae kikavu hudanganya miezi ya mwanzo. Ukanishika bega, tukaenda nyumbani. Siku ya tisa tulikuzika.

Nilisimama nikasema mbele ya wanywa chai wote, "Safu hizi ni zangu. Samsoni hakuzigusa. Marehemu aliniuliza, nami sikumwambia kweli."

Kisha Omari akauliza, "Sasa ule mluzi ulikuwa wa nani?" Watu wakacheka, na Samsoni akacheka nao.

Bi Hamida hakucheka. "Darweshi, ulimdanganya mgonjwa?"

"Nilimdanganya, mama."

"Ili iweje?"

"Akapumzike."

"Basi utang'oa zote tano, wala hutaniambia nifunge mgahawa." Akajitanda kanga yake, akaenda sokoni mwenyewe kuwaambia wakubwa kwamba kazi ya Samsoni inalia sawa. Wamempa sakafu ya banda la nyama. Anaanza mwezi ujao.

Kaka, nisamehe. Uliniamini, nami nikaliacha neno langu chini ya miguu ya watu mwaka mzima. Lakini usihuzunike kwa ajili ya sakafu hii, maana itasimama. Nimemwomba Samsoni anikague, kama ulivyokuwa ukitukagua sisi. Adhuhuri ya leo amepita na mpini juu ya safu niliyoirudisha. Kwenye kigae cha saba akasimama.

"Shikamoo, kaka Darweshi," akasema.

"Marahaba."

"Hiki king'oe."

Nimeking'oa. Alikuwa na haki, chokaa ilikuwa haijafika pembeni. Mawingu sasa yamefunika mlima na humu ndani hapaonekani vizuri, kwa hiyo tumefunika mchanga kwa magunia. Pembe ya jikoni tutaianza kesho asubuhi, na Samsoni ndiye atakayesema imekwisha.

Unakumbukwa na mama yako mzazi, Bi Halima, mkeo Kuluthumu, binti yako Zainabu, mdogo wako Darweshi, na Samsoni, ambaye nyumbani kwetu ni mtoto kama wengine. Mungu akurehemu, Fundi Mosi. Maadamu tupo hai, jina lako litatajwa.