Utepe wa Mgonjwa Usilegezwe

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba. Salamu zako zimenifikia hapa Mchinga. Babu yako hajambo, na korosho tumeanza kuokota.

Umeniuliza kama ulegeze zile tepe za mkononi zenye chipu unazotengenezea hospitali, ambazo mashine huzisoma kabla mgonjwa hajapewa dawa, maana wagonjwa wananung'unika kwamba hazivuliki.

Nikuungamie jambo. Usichanani nililazwa hospitali. Bibi mmoja akaniambia, "Mwanangu, nipishe hapo dirishani nipate upepo." Mkubwa hanyimwi, nikampisha, tukabadilishana vitanda. Kadi yangu ya dawa ikabaki imefungwa kitandani. Muuguzi akaja, akaisoma, akampa bibi vidonge vyangu. Niliona, Salma. Nikaona haya kumsemesha mtu mzima, na bibi akameza.

Akazimia. Mungu hakumchukua, kesho yake alikaa kitako, nikamwambia kwamba niliona, akanitania, "Kumbe hata ulimi wako umelazwa!" Wodi nzima ikacheka. Mimi sikuweza.

Pale hapakuwa na mtu mbaya, ni adabu tu. Kwa hiyo utepe ukae mwilini mwa mtu, usivuliwe hata kwa hisani. Wakinung'unika, waambie bibi yako amekataa.

Bibi Somoe