Sita Nje, Mbili Ndani

Mjukuu wangu Rukia,

Sote hapa Siyu twakusalimu. Jana tulisoma hitima ya nyanya yako. Usijilaumu kwa kukosa maziko. Alizikwa siku ile ile, nawe uko Nairobi.

Umeuliza jinsi ya kurahisisha √72 kabla ya mtihani wako. Mimi nilifiwa na mama wiki ya mtihani. Niliifuta hesabu kama hiyo kwa hofu mpaka karatasi ikatoboka.

Mwalimu akainama. "Bwana Athumani, wachimba kisima? Ni thelathini na sita mara mbili. Thelathini na sita itoe, iwe sita."

"Na mbili?"

"Haitoki kamili. Iache ndani. 6√2 ni jibu tosha."

Niliandika huku nalia. Nawe usingoje machozi yakauke.

Babu yako