Majibu ya Kidole Tumbo Chako

Chumba cha mbele, dirishani
Jumatatu, mvua imekatika

Mpendwa mpwa wangu,

Kosa la watu wengi ni kudhani kidole tumbo kikishatolewa, habari yake imekwisha. Lakini ngoja, haraka isinikoseshe adabu: hujambo, mama? Kidonda kinaendeleaje? Usingizi unakuja? Sisi huku wazima, ila magoti yangu yanalia kama mlango mkuukuu.

Juzi mama yako alinipigia simu kwa furaha. "Kaka, kimetolewa, yamekwisha!" Nikamuuliza kuhusu majibu ya maabara. Akacheka: "Wewe nawe! Kitu kimeshatupwa, majibu ya nini?"

Hakikutupwa, mwanangu. Kilitiwa kwenye kichupa chenye dawa, kikakatwa vipande vyembamba kama ganda la kitunguu, mtu akaviinamia kwa darubini. Nikiwaza hayo hapa dirishani huwa kama ninaota: wewe umeshafika nyumbani, unakunywa chai, na kipande chako bado kiko safarini, kinapita kwenye mwanga.

Unamkumbuka jirani yangu, fundi cherehani? Alishikwa na maumivu kama yako, upande uleule wa kulia. Alipopasuliwa, kidole tumbo hakikuwa na usaha. Kilijaa ute, kimevimba kama puto. Ni ugonjwa wa nadra. Upo na mwingine, kivimbe kidogo kama punje ya mtama kwenye ncha, ambacho hata daktari anaweza asikione kwa macho. Dalili ni zilezile za uvimbe wa kidole tumbo tuliouzoea. Mara nyingine kukitoa kunatosha. Mara nyingine mgonjwa hutakiwa kuangaliwa zaidi.

Fundi hakurudi kuuliza majibu yake. Ute ukamsambaa tumboni kimyakimya, akaja kupasuliwa tena, safari hii kwa shida. Jana nilikuwa nasinzia dukani kwake, cherehani ikinibembeleza, akaniambia, "Mzee, mimi nilijua daktari akikata uzi, shati limekwisha. Kumbe vifungo bado!" Tukacheka, kisha akajishika ubavu.

Majibu yako huenda ni ya kawaida, na ya wengi huwa hivyo. Ila mimi sipati raha mpaka nijue.

Msalimie mumeo, na mtoto mfinye shavu kwa niaba yangu. Mama yako mwambie sijamnunia. Mungu akulaze salama na akuamshe salama.

Sasa weka barua chini, vaa viatu, uende leo hii hospitali ulikopasuliwa, useme: "Nimefuata majibu ya kidole tumbo changu."

Ni mimi, mjomba wako anayekupenda.